Kipande cha baba kimebaki na siku moja: wanaoijua kazi ya mkonge Korogwe naomba mnieleweshe

Binti_wa_Mkonge aliandika:

Wanajukwaa, salamu kwenu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Morogoro. Kitovu changu kimezikwa kambi ya mkonge nje kidogo ya Korogwe, ukiwa unaelekea Mombo. Nilizaliwa mwaka 1960. Jina la shamba naliacha, wenye nalo wamebadilika mara nyingi na shida yangu siyo kumshtaki mtu.

Baba alifariki mwezi wa tatu. Baada ya arobaini tukafungua sanduku lake la bati. Mlikuwa na koti, cheti cha ubatizo, picha mbili, na chini kabisa kitambaa cha kaki kilichofungwa fundo. Ndani ya kitambaa kuna kipande. Ni kadi ngumu ya kuhesabia siku za kazi, rangi ya jani kavu la mgomba, ukubwa wa kiganja changu. Ina visanduku thelathini. Ishirini na tisa vimewekwa alama kwa wino wa bluu. Cha mwisho ni kitupu. Juu imeandikwa namba 417. Mwaka unasomeka 195, tarakimu ya mwisho imelika.

Kona moja imetobolewa, na kwenye tundu umepitishwa uzi wa singa, zile nyuzi za mkonge. Uzi huo naujua ni wa mkono wa nani. Jioni baba alikuwa anakaa kwenye kigoda, anakunja suruali mguu wa kulia mpaka juu ya goti, anazigawa singa mafungu mawili, anazilaza juu ya paja na kuziviringisha kwa kiganja kwenda mbele. Akirudisha kiganja nyuma zinakumbatiana zenyewe. Paja lake la kulia halikuwa na nywele hata moja. Kamba za mbuzi, kamba za kitanda, kamba ya ndoo ya kisimani, zote zilitoka kwenye lile paja.

Swali langu ni hili: kwa nini siku 29? Na kwa nini akitunze miaka yote hiyo? Baba hakuwa mtu wa kutunza karatasi.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi. Tulipokuwa wadogo, akifungua sanduku tukamsogelea, alikuwa anatufukuza: "Tokeni, humu mna deni langu." Basi sisi tulikua tukijua baba anadaiwa. Nikiwa na miaka minane nilikuwa naweka senti kwenye kopo la maziwa, nikiuza maembe barabarani, ili siku moja nimsaidie kulipa. Senti zenyewe mama alizichukua tukanunulia chumvi, na sikumwambia zilikuwa za nini.

Niwaeleze kidogo tulivyoishi, huenda mkongwe mmoja akaikumbuka kambi. Baba ni Muha wa Kasulu. Aliandikishwa na SILABU, ile ofisi iliyokuwa ikiwatafutia wenye mashamba ya mkonge vibarua huko bara. Alisema walipanda treni Kigoma, kisha wakashushwa na kupakiwa kwenye malori hadi Korogwe, maana reli ya kuunganisha Ruvu na Mruazi haikujengwa mpaka 1963. Mama ni Mzigua wa hapo hapo, ng'ambo ya mto.

Kambini palikuwa na kipande cha chuma cha reli kimetundikwa kwenye mwembe. Saa kumi alfajiri kinagongwa. Mpaka leo, nikisikia fundi anagonga chuma kabla hakujapambazuka, natafuta viatu kwa miguu. Wanaume wanatoka na visu, giza bado. Mchana troli zinapita zimejaa majani, zinakokotwa na kichwa kidogo cha dizeli kwenye reli yake nyembamba, na sisi watoto tunakimbia pembeni. Jirani zetu wa kulia Wamakonde, wa kushoto Wangoni, nyuma yetu Wabena. Jumamosi jioni huku sindimba, kule mganda, na baba anakaa katikati na Muha mwenzake mmoja tu, wanaambiana "mwakeye" ijapokuwa ni usiku, kwa ajili ya kuisikia tu hiyo lugha. Siku mtu aliyetoka likizo Kigoma alipomletea mawese ndani ya chupa, alimimina kidogo kwenye maharage, akafunga chupa kwa kitambaa, akaiweka juu ya kenchi. Ile chupa ilidumu miezi.

Baba hakusimulia kazi. Alikuwa na chamba kwenye jicho la kushoto, alikuwa akigeuza shingo yote kumtazama mtu. Hayo tu ndiyo nayajua. Kuhusu kipande naomba msaada wenu.

Karani_wa_Zamani alijibu:

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba.

Nilianza ukarani wa mahudhurio mwaka 1966 kwenye shamba moja upande wa Hale. Kadi za kipande sikuzitumia mimi mwenyewe, nilizikuta zimejaa kabati, na karani mzee aliyenifundisha kazi ndiye aliyenieleza kila kitu. Kwa hiyo ninalokuambia nimelipokea kwa mtu aliyekuwa akizijaza.

Kwanza, siku thelathini za kipande siyo siku za kalenda. Ni siku za kazi iliyokwisha. Mkataji anapewa ngwe yake. Anakata majani, anaondoa ule mwiba wa ncha, anafunga mizigo ya majani 30, anaipanga kando ya njia, nyapara anakuja kuhesabu. Ngwe ikitimia, alama. Isipotimia, hakuna alama, hata kama umeanza saa kumi na moja ukamaliza jua linazama. Ndiyo maana mtu angeweza kufanya kazi mwezi na nusu akawa na kipande kimoja.

Pili, na hili ndilo jibu la sehemu kubwa ya swali lako: mshahara ulilipwa kipande kikiisha. Ukifikisha thelathini unakipeleka ofisini, karani anakichukua, unapokea fedha, unapewa kipya. Katikati unapata posho tu: unga, maharage, chumvi. Kilichojaa kinabaki ofisini. Kwa hiyo ukikuta kipande kwenye sanduku la mtu, jua hicho hakikulipwa. Hakuna njia nyingine ya kukipata nyumbani.

Tatu, kipande kilikuwa na muda wake. Ukiupitisha bila kufikisha thelathini, unaweza kuambiwa anza upya. Hapo palikuwa na machungu mengi, na yalitegemea sana nyapara na bwana shamba wa siku hiyo. Wapo waliosamehewa siku mbili tatu, wapo waliopoteza siku ishirini na kitu.

Kwa nini hakuweka ya thelathini, siwezi kukuambia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na migomo mingi kwenye mashamba ya mkonge, huenda aligoma. Huenda aliugua. Lakini neno "deni langu" mimi nalisikia tofauti na mlivyolisikia nyinyi watoto.

Mgeni_Dar aliuliza:

Samahani wakubwa, mimi ni wa kizazi cha juzi. Bibi yangu alikuwa akitugombeza anasema "mnakula kama manamba". Ndiyo hao?

Binti_wa_Mkonge alijibu:

Ndiyo hao, mwanangu. Neno limetoka kwenye namba, kwa sababu ofisini baba hakuwa na jina, alikuwa 417. Na ninakuomba usimrithi bibi yako hilo neno. Nilipopata nafasi ya kusoma shule ya mjini, tulikuwa tunatembea kwa miguu kutoka kambini, tukifika sare zimekwisha kuingia vumbi mpaka magotini. Watoto wa mjini walikuwa wanatuita "watoto wa manamba" na kuziba pua, kwa sababu nguo zetu zilinuka korona, kile kiwanda cha kusagia majani ya mkonge.

Na kweli zilinuka. Atakayekataa hajawahi kukaa karibu na korona. Majani yanasagwa na mashine huku yakimwagiwa maji, singa zinatoka upande huu, makapi ya kijani yanatiririka na maji upande ule, yanachacha. Harufu yake ni kama ya majani yaliyoozea kwenye siki. Mama alikuwa anafua kwa ndimu, wapi. Tulilala nayo, tukala nayo. Nilipokuwa chuo cha uuguzi ndipo siku moja nikagundua sinuki tena, nikalia bwenini, na mwenzangu hakuelewa nalia nini.

Karani wa Zamani, asante sana baba. Nimesoma jibu lako mara tatu. Sijui niseme nini. Kwamba kilichojaa kinabaki ofisini, hilo sikuwahi kuliwaza.

Mwanika_Singa (Kilole) alijibu:

Dada yangu, nimeona nitoe na upande wa wanawake, maana mkonge ukizungumzwa ni wakataji tu.

Mimi nilianza kuanika singa mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na saba, mimba ya kwanza tumboni. Singa zikitoka korona zina maji na zina ukijani kwa mbali. Unazibeba begani zinakuchuruzikia mgongoni, unazitandaza juu ya nyaya, kiganja baada ya kiganja, usiziache zikagandana, maana zikikauka zimegandana daraja linashuka. Jua la Korogwe halina huruma, kufikia alasiri zimekuwa nyeupe. Upepo ukipita, uwanja mzima unacheza kama nywele za bibi kizee aliyezifumua. Nilikuwa nasimama nautazama. Kazi ilikuwa ngumu lakini lile jambo lilikuwa zuri, sioni haya kulisema.

Ila maji ya mkonge yanawasha. Mikono mpaka kwenye viwiko inakuwa na vipele, ukijisahau ukajigusa shingo umekwisha. Tulikuwa tunajipaka mafuta ya nazi kabla ya kuanza, siyo baada. Anayejipaka baada amechelewa. Watoto tunawalaza chini ya nyaya, kivuli cha singa kinawatosha.

Mume wangu alikuwa brashi. Huko singa kavu zinasuguliwa ziwe laini, vumbi lake linaelea ndani ya jengo hata huoni mtu wa pili. Kutoka hapo zinashindiliwa kuwa robota, yaani mafurushi, za kilo 250. Akirudi nyumbani kope nyeupe, anakohoa mpaka chai inapoa. Alikohoa miaka kumi na moja. Shamba ni lile lile lako dada, nimelitambua kwa ule mwembe. Chuma cha reli kimekatwa kikauzwa, mwembe upo.

Wewe ulitaja Wamakonde wa kulia. Je, siyo yule mama aliyekuwa akiuza vitumbua, mwenye chale usoni? Kama ndiye, yupo hai. Anakaa Majengo kwa mjukuu wake. Macho hayaoni lakini kichwa kizima.

Binti_wa_Mkonge alijibu:

Dada! Ndiye. Mungu wangu. Mimi nilijua amekwisha kutangulia.

Huyo ndiye aliyenifundisha kukoroga unga wa vitumbua ukaumuka bila hamira, kwa tembo la mnazi. Nakuomba sana, kama unaweza kufika kwake, mwambie mtoto wa Muha anamsalimu. Na umuulize, ila usimchoshe.

Korogwe_Kwetu alijibu:

Mimi nimezaliwa 1991, naendesha bodaboda pale Manundu, mambo ya kipande nayasikia kwa wazee tu. Ila mama, hiyo barabara ya kambini kwenu napita kila wiki, acha nikuambie palivyo.

Nyumba za kambi nyingine zimeanguka, nyingine watu wanaishi, wameongeza vyumba vya tofali za kuchoma mbele. Ile reli ndogo ya troli haipo, majani sasa yanabebwa na trekta. Kulikuwa na miaka, mimi nikiwa mdogo, mkonge umeachwa umemezwa na pori, milingoti, yale mashina marefu ya maua ya mkonge, imesimama mikavu kila mahali. Tulikuwa tunaikata tunatengeneza magurudumu ya magari ya kuchezea, maana ndani ni laini unachonga hata kwa kisu cha mezani. Wazee wanajengea mabanda ya mbuzi. Sasa hivi watu wameurudia. Na siyo mashamba makubwa tu, mtu ana heka zake tano, sita, anakata, anapeleka korona ya wengine wanamkamulia wanakata chao. Baba yangu mdogo ana heka nane, ameezeka nyumba kwa mkonge.

Treni ya abiria ilirudi mwezi wa kumi na mbili 2019, ya Dar kwenda Moshi. Siku ya kwanza ilipopita watu walitoka madukani, wengine wana povu la kinyozi shavuni. Kuna bibi alikuwa anapunga kanga analia. Sikumjua na sikumuuliza.

Ukitaka kuja niambie, nitakuchukua stendi. Matunda ya Lushoto bado yanashuka, mapeasi na plamu zipo kwa msimu.

Karani_wa_Zamani alijibu:

Kijana wa Manundu umenifurahisha, na nimekumbuka jambo.

Mwaka 1964, nchi hii ilipata zaidi ya tani 230,000 za singa. Sijapata kuona tena namba kama hiyo. Yaweke kwenye robota za kilo 250, ni robota zaidi ya laki tisa. Na ujue jani la mkonge ni maji tu: kilo mia ya majani inakupa singa kilo nne hivi, zilizobaki ndiyo yale makapi aliyoyataja binti. Kila robota lililoondoka bandari ya Tanga lilikuwa limepitia mgongoni mwa mtu likiwa na uzito mara ishirini na tano. Mzigo huo ulibebwa na kina 417. Naandika haya kwa sababu nilikuwa nakaa mezani kivulini, na kazi yangu ilikuwa alama ya wino. Naujua uzito wa alama hiyo kwa upande wa mezani. Upande wa pili nimeujua nilipozeeka.

Baada ya hapo bei ikaporomoka, kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nilishangilia mpaka sauti ikanikauka, na sijutii. Lakini wateja wa singa huko nje hawakurudi, na mashine zilipoharibika vipuri havikuja. Niliondoka 1983.

Mwanika_Singa (Kilole) alijibu:

Dada, nimefika Majengo Jumamosi. Nimeandika haya kwa msaada wa mwanangu, mnivumilie, ni marefu.

Nilimkuta amekaa barazani anachambua mchele kwa vidole, maana haoni, na hakosei. Nikamwambia, mama, nimetumwa na mtoto wa Muha. Akaacha ungo. Akauliza: "Mia nne kumi na saba?"

Mimi nywele zilinisimama. Sikuwa nimemtajia namba.

Akasema wanaume wa kambi aliwajua kwa namba kuliko majina, kwa sababu nyapara alikuwa akipita asubuhi anaziita kwa sauti, kila siku, na yeye yuko jikoni anakaanga. Akanitajia nyingine nne tano, na ya mumewe.

Nikamuuliza habari ya kipande. Akakaa kimya mpaka nikadhani hajasikia. Halafu akasema ni mwiba. Baba yako alikuwa anakata majani ya chini, mkonge ulikuwa mzee, umekaribia kutoa mlingoti, majani marefu yamelala yamepishana. Aliinuka haraka na ncha ya jani la pembeni ikamwingia jicho la kushoto. Yeye mwenyewe hakuwepo mashambani, aliona wanavyomrudisha: amekaa juu ya troli iliyojaa majani, kitambaa kimefungwa usoni, kile kipande amekishika mkononi. Walimpeleka hospitali. Alikaa huko wiki nyingi, idadi haikumbuki, anachokumbuka ni kwamba mvua za vuli zilianza akiwa hayupo, na aliporudi mahindi ya kambini yalikuwa yamefika magotini.

Alipokwenda ofisini akaambiwa muda wa kipande umekwisha, aache hicho achukue kipya. Akakataa kukiacha. Kipya alichukua, kwa sababu lazima ale. Cha zamani akakikunja akaondoka nacho. Mama anasema karani aliinuka kumfuata mpaka mlangoni, kisha akamwacha.

Halafu mama akacheka. Anasema kila mwaka mpya, wakikaa pamoja, baba yako alikuwa anamwambia mumewe, "Hawa watu nawadai siku ishirini na tisa. Sijawasamehe." Wala hakuwa na hasira akilisema, anasema alikuwa akilisema kama mtu anayesali.

Ameniuliza kama bado unapika vitumbua.

Binti_wa_Mkonge alijibu:

Nimekaa siku tatu bila kuandika.

Mimi ni muuguzi. Miaka thelathini na nne wodini. Makovu ya kioo cha jicho nimeyaona kwa mamia: ya surua, ya trakoma, ya kuni, ya mapunje ya mpunga. La baba yangu nililitazama kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kumuuliza. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwenye daftari langu kwamba pengine ni surua ya utotoni, nikaridhika. Kovu lilikuwa katikati kabisa, dogo, la mviringo, kingo zake safi. Surua haifanyi hivyo. Nilikuwa nayajua yote hayo.

Na "deni langu". Tuliishi nyumba moja naye, tunazungumza Kiswahili kimoja, na sisi watoto sita hatukujua kwamba yeye ndiye anayedai. Nimewapigia ndugu zangu mmoja mmoja. Kaka mkubwa alinyamaza, halafu akasema naye alikuwa na kopo lake. Alikuwa anaweka fedha za kuokota kwenye mpira wa Jumapili. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Dada wa Kilole, mwambie mama vitumbua napika. Tembo la mnazi huku Morogoro nalipata kwa tabu, natumia hamira, ila kipimo cha iliki ni kile kile alichonifundisha, punje saba kwa kilo. Mwambie nakuja. Nitapanda basi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nilale Korogwe siku mbili. Kijana wa Manundu, nitakutafuta stendi, nitavaa kitenge cha kijani. Nataka nifike kwenye ule mwembe kwanza, kabla ya kwenda kwa mtu yeyote.

Kadi nimeiweka ndani ya kitabu kizito. Ule uzi sijaufungua.

Karani_wa_Zamani alijibu:

Umefanya vizuri kutoufungua. Kadi usiitie kwenye nailoni, itatoa unyevu na wino utachuruzika. Kitabu kinatosha, ongeza karatasi nyeupe kavu pande zote mbili.

Nami nitakuwepo Korogwe Ijumaa hiyo, mwanangu atanileta. Njoo nayo. Karibu na alama hizo lazima kuna sahihi fupi ya karani, ukingoni, ndogo kama mguu wa sisimizi, watu wengi hawaioni. Yule karani mzee aliyenifundisha kazi alipitia mashamba mengi ya huko Korogwe kabla ya kuja kwetu, na miandiko ya wenzake wa zamani alinifundisha kuitambua, pamoja na wake. Nataka kuitazama mwenyewe kwa miwani yangu.

Korogwe_Kwetu alijibu:

Mama, kitenge cha kijani nimeandika. Basi la Morogoro kama litafika baada ya saa tisa, mwembeni tutapawahi na jua bado lipo.